Chumba cha Chaki

Nuswaiba wa tiketi, ofisi yake juu ya duka la mabati,
alitandaza karatasi mbili mezani,
akaziwekea stapla zisipeperushwe na feni.
"Bei ni ile ile," alisema. "Chagueni."

Ya kwanza: chumba cha juu, kina roshani,
viti viwili vya kukunja na bahari yote mbele.
Ila meli yenyewe yaenda Unguja na kurudi,
Unguja, ambako shemeji yangu huenda kununua mapazia.

Ya pili: Bukini, Morisi, Shelisheli, siku kumi na nne.
Chumba ni cha chini, hakina dirisha.
Pametundikwa pazia, na nyuma ya pazia ni ukuta.

Thoya hakuisoma ya kwanza.
Miaka thelathini posta ya Malindi
amegonga mihuri barua zinazokwenda
asikowahi kwenda yeye.
Antananarivo hulitamka polepole,
kama anayenyonya kokwa ya ukwaju.
"Chumba ni cha kulala," alisema.
"Ukishafumba macho, roshani ya nini?"

Nikamtazama.
Miaka ishirini na miwili nimetandika vitanda vya hoteli
vinavyotazama maji. Nimefuta vioo
hadi vikawa kama havipo,
nikaiona bahari kwa upana wa kitambaa,
mkono ukienda, mkono ukirudi.
Viti vya roshani nilivijua uzito, sikuvijua raha.
"Mimi sitaki kufika," nikasema. "Nataka kutandikiwa."

Tuligombana kwa adabu, Jumatatu hadi Alhamisi,
kwa chumvi kuzidi mchuzini,
kwa mlango kufungwa kwa nguvu kidogo.

Hapo Thoya akaja na chaki.
Akalisogeza kochi, akapima sebuleni
hatua nne kwa tatu, kama ilivyoandikwa.
Akachora kitanda. Akachora choo,
mlango wake ukigota kitandani.
Akaniambia, ingia.
Tukaziba madirisha kwa leso zangu zote,
hata ile ya harusi ya Mbodze,
tukazima taa, tukazima feni.
Mwenye bucha jirani akawasha jenereta,
nayo ikatufaa kuwa injini.

Giza lilikuwa na uzito wa godoro lililolowa.
Nikasubiri nilichukie.
Badala yake nikamsikia Thoya akihadithia
stempu yenye ndege asiyemjua jina,
bahasha iliyonukia vanila wiki nzima,
mwanamke wa Maweni aliyetuma barua Tamatave kila mwezi
asipate jibu hata moja,
na yeye Thoya, dirishani, akipokea shilingi zake,
akigonga muhuri, akinyamaza.
Ndoa yote hii, sikuwahi kuambiwa haya.
Nilipitiwa na usingizi katikati ya sentensi yake.

Saa tisa nikapapasa. Upande wake baridi.
Nilimkuta barazani, kavuka mstari,
fulana imemganda, anameza hewa kwa mafungu.
"Mle ndani," alisema, "hamna pa kutazama."
"Na Bukini?"
"Bukini haihami."
"Hata roshani haihami," nikamwambia.

Asubuhi Nuswaiba akapiga simu.
Mwisho saa sita, nafasi zimebaki chache.
Thoya akasema, roshani.
Mimi, pumzi ile ile, nikasema, Bukini.
Simu ikanyamaza kidogo.
"Kwani juzi si mlikuwa..."
"Ndiyo," tukajibu.
"Nikipiga tena, nawaomba muwe na neno moja."

Sasa ni saa tano na nusu.
Thoya anabandua leso moja moja,
mwanga unaingia vipande vipande.
Mimi nimepiga magoti, tambara mkononi,
mkono ukienda, mkono ukirudi.
Nimefuta choo. Nimefuta mlango.
Kitanda nimekiruka.